KUFUTIWA SI KUACHIWA HURU



Nakuomba kwanza uirudie Sura ya Yusuf, aya ya khamsini. Kisa unakijua tangu chuoni. Mfalme wa Misri amekwisha kufasiriwa ndoto yake, ameridhika, amepeleka mjumbe gerezani kumwita mfasiri. Mlango uko wazi. Mtu aliyetiwa ndani kwa kosa asilolitenda, akakaa miaka ambayo wafasiri wamekhitalifiana hesabu yake, anaambiwa toka. Naye hatoki! Anamrudisha mjumbe kwa bwana wake, akaulize kwanza habari ya wale wanawake waliojikata mikono. Anataka shauri lake litazamwe, mashahidi waulizwe, na mke wa Mheshimiwa aseme mbele ya watu ukweli uko wapi. Mke yule alipokiri, na wanawake wale waliposhuhudia kuwa hawakujua kwake ubaya wowote, ndipo Nabii Yusuf (A.S.) akatoka. Na Bwana Mtume wetu (S.A.W.), katika hadithi aliyoipokea Bukhari, aliisifu subira hiyo kwa kusema kwamba lau yeye ndiye angekaa kifungoni muda ule, angemwitikia mjumbe.

Basi kwa nini Yusuf alikataa mlango uliofunguliwa? Kwa sababu alijua tofauti baina ya kutolewa na kutakaswa. Aliyetolewa kwa hisani ya mfalme huweza kurudishwa kwa ghadhabu ya mfalme. Aliyetakaswa kwa ushahidi hana deni na mtu.

Tofauti hiyo sisi wa Magomeni hatuijui, au tunaijua tukajitia hamnazo. Nitakueleza la jirani yetu mmoja, nisimtaje jina, maana jina lake limekwisha kuchakaa midomoni mwa watu. Ni fundi cherehani. Miaka kadhaa nyuma, kabla sheria haijabadilishwa mwaka 2022, alikamatwa pamoja na wengine kwa tuhuma ya unyang'anyi wa kutumia silaha, na kosa hilo katika sheria yetu halina dhamana. Kila baada ya siku kumi na nne mama yake alitoka Mapipa alfajiri, akapanda basi la Barabara ya Morogoro na mfuko wa nguo safi mkononi, akakaa kwenye benchi la mahakama kungoja karandinga. Na kila mara alisikia maneno yale yale: upelelezi haujakamilika. Akarudi na mfuko wa nguo chafu. Hivyo miaka miwili na zaidi.

Siku moja mwendesha mashtaka akasimama akasema kuwa Jamhuri haina nia ya kuendelea na shauri. Hakimu akaandika, akasema mshitakiwa aende. Mama akapiga vigelele ukumbini hata akakemewa. Lakini kijana hajafika getini, mkono wa askari ulikuwa begani mwake. Jioni ile ile alikuwa tena mahabusu, jalada jipya, namba mpya, mambo ya zamani. Akakaa miezi kumi na minne mingine, kisha yakasemwa tena maneno yale, na safari hii akafika nyumbani. Tukamsomea dua, tukala pilau, tukapeana habari mtaa mzima kwamba fulani ameachiwa huru.

Ulikuwa uwongo, ijapokuwa hatukuukusudia. Hakuachiwa huru. Alifutiwa shtaka, na katika sheria hayo ni mambo mawili mbalimbali. Aliyeachiwa huru amehukumiwa kuwa hana hatia, na hawezi kushitakiwa tena kwa jambo lile lile. Aliyefutiwa hakuhukumiwa lolote. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inampa Mkurugenzi wa Mashtaka uwezo wa kusema, wakati wowote kabla ya hukumu, kuwa hana nia ya kuendelea. Na hapo mshitakiwa hutoka, lakini kutoka kwake hakuzuii kushitakiwa tena kwa mambo yale yale. Chuoni tulipokuwa watoto tulifuta ubao kwa maji ili tuandike aya nyingine, na lililofutwa limekwenda zake. Ubao wa mahakama haufutwi hivyo. Maandishi yamefunikwa tu, na kitambaa anacho yule aliyeandika.

Mwaka mmoja baadaye kijana huyu alipeleka posa. Mjomba wa binti, mtu wa swala tano, akamuuliza: walikufutia au walikuachia huru? Kijana akasema walinifutia. Mjomba akasema, basi kesi bado ipo, siwezi kumtia mtoto wetu katika nyumba yenye kesi. Posa ikarudi.

Mjomba hakukosea sheria. Alikosea dini. Nitarejea kwake.

Labda utasema hayo ni mambo ya wanyonge wasio na wakili. Tazama basi waliokuwa na mawakili, na umma mzima ukiwaombea. Mwaka 2014 masheikh wa Jumuiya ya Uamsho na Mihadhara ya Kiislamu ya Zanzibar, miongoni mwao Sheikh Farid Hadi Ahmed na Sheikh Msellem Ali Msellem, waliletwa Dar es Salaam na kufikishwa Kisutu kwa tuhuma za ugaidi. Watoto waliowaacha wananyonya walianza kusoma. Juni 2021 Mkurugenzi wa Mashtaka akayaondoa mashtaka, wakatoka. Karibu miaka saba, na hukumu hakuna: hakuna aliyesema wana hatia, na hakuna aliyesema hawana. Tulishukuru, na kushukuru ni wajibu. Lakini niambie, katika miaka saba ile, ni hakimu gani aliyeandika kwamba watu hawa ni safi? Na kama hakuna, sheria inasema nini juu ya kesho yao?

Na usidhani kuwa nalia kwa ajili ya watu wetu peke yao. Sura ya Maida, aya ya nane, inatukataza tusiiache haki kwa sababu ya kuwachukia watu, na naongeza mimi: wala kwa sababu ya kutowajali. Freeman Mbowe wa Chadema, Mkristo, alikamatwa Julai 2021 na kushitakiwa kwa makosa ya ugaidi. Upande wa mashtaka ulileta mashahidi wake ukamaliza. Februari 2022 Mahakama Kuu ikasema yeye na wenzake wanayo kesi ya kujibu. Kabla hawajafungua kinywa kujitetea, tarehe 4 Machi 2022, Jamhuri ikasema haina nia ya kuendelea. Wakatoka. Mtu amesikia ubaya wote uliosemwa juu yake mbele ya dunia, na zamu yake ya kujibu ilipofika kitabu kikafungwa! Wangapi kati yetu msikitini waliliona hilo kuwa ni dhulma? Tulisema, amshukuru Mungu ametoka.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolitetea. Ni haki ya mshitakiwa kwenda yeye mwenyewe mbele ya jaji na ombi: shauri hili lisimamishwe, na lisimamishwe daima, lisifufuliwe. Asingoje hisani ya aliyemshitaki. Aeleze sababu yake: kwamba miaka imepita ushahidi hauletwi, au kwamba amefutiwa na kukamatwa, kufutiwa na kukamatwa, au kwamba walimpata kwa njia ya haramu, au kwamba aliahidiwa na serikali kuwa hatashitakiwa. Upande wa mashtaka ujibu. Aliyedhulumiwa naye asikilizwe. Kisha jaji aamue na aandike sababu zake. Akikubali, mlango umefungwa na ufunguo umetupwa baharini.

Watu wanaosema hili ni jambo geni wasome habari za jirani. Kenya miaka ya 1980, Stanley Githunguri, aliyekuwa mkuu wa benki, alishitakiwa kwa kukutwa na fedha za kigeni, mambo ya miaka ya 1970. Mwanasheria Mkuu wa wakati wake alikwisha kuamua kuwa hatashitakiwa, na neno hilo likasemwa hata Bungeni. Miaka ikapita, akaja Mwanasheria Mkuu mwingine, akafukua. Mahakama Kuu, Jaji Mkuu Madan akiwa mmoja wa majaji, ikazuia mashtaka yale: serikali haiwezi kumwambia mtu lala usingizi, kisha imwamshe kwa pingu baada ya yeye kuacha kutunza ushahidi wake. Hao ni majaji wa wakati wa chama kimoja, ndugu yangu. Na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ikaongeza kwamba Mkurugenzi wa Mashtaka hawezi kuiondoa kesi ila kwa ruhusa ya mahakama.

Uganda nako, Novemba 2005, watu wenye silaha na mavazi meusi waliizingira Mahakama Kuu ya Kampala ili wawakamate tena washitakiwa wa kesi ya uhaini ya Dakta Kizza Besigye na wenzake, na hali mahakama ilikuwa imekwisha kuwapa dhamana. Mwaka 2010 Mahakama ya Katiba ikasema: serikali iliyofanya haya haina tena mdomo wa kushitaki, kesi isimame. Ukiitazama ile habari ya getini niliyokueleza, utaona kuwa ni mtoto wa mama mmoja na hii ya Kampala, ila yetu haikuwa na mwandishi wa gazeti wa kuiandika. Waingereza wenyewe, waliotuachia desturi hii ya mshitaki kusema sina nia ya kuendelea, majaji wao wakuu walikiri tangu mwaka 1964 kuwa mahakama inao uwezo wa kuzuia mashtaka yanayotumia mahakama vibaya. Walituachia ugonjwa, na dawa wakabaki nayo kwao. Au sisi ndio hatukuiulizia.

Na Kanada, mwaka 2016, Mahakama yao ya Juu iliweka vipimo: miezi 18 kwa mahakama za chini, miezi 30 kwa za juu, ikipita pasipo sababu iliyo nzito, na kuchelewa huko hakukutoka kwa mshitakiwa, kesi husimamishwa moja kwa moja. Watu wakastaajabu. Mimi sikustaajabu, kwani katika waraka mashuhuri unaonasibishwa na Sayyidna Omar bin Khattab (R.A.) kwenda kwa Abu Musa al-Ash'ari, ule ambao Ibn al-Qayyim aliufafanua kwa kurasa nyingi, imo amri hiyo: mwenye kudai kwamba ushahidi wake uko mbali awekewe muda, akiuleta ndani ya muda apewe haki yake, na asipouleta ahukumiwe dhidi yake. Dhidi ya mdai! Hakusema arudishiwe jalada aende akatafute, na mdaiwa angoje gerezani. Miaka zaidi ya 1,300 kabla ya Kanada, kadhi wa Kiislamu alifundishwa kwamba upelelezi usiokamilika una mwisho wake, na mwisho wake ni hukumu.

Fikra hii imo katika kila mlango wa sheria yetu. Ushahidi ni juu ya anayedai. Adhabu huondolewa kwa shaka. Na katika Sura ya Nur aliyemsingizia mwanamke mtahirifu, asilete mashahidi wanne, yeye ndiye anayechapwa bakora thamanini na ushahidi wake haukubaliwi tena. Mshitaki aliyeshindwa harudi nyumbani akiwa salama wakati mshitakiwa anabaki na doa. Doa linamrudia aliyelirusha.

Katiba yetu wenyewe, katika ibara ya 59B, inamwagiza Mkurugenzi wa Mashtaka azingatie mambo matatu: nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Maneno mazuri. Lakini aliyekabidhiwa kuzuia matumizi mabaya ndiye mwenye kutumia. Kama ametumia vibaya, nani atamzuia? Simsemi mtu yeyote aliyekaa katika kiti hicho, huenda wote walikuwa waadilifu, nasema kiti. Hata kadhi mchamungu hahukumu katika shauri lake mwenyewe.

Nimekwisha kuambiwa na wanasheria wawili watatu kwamba mambo yametengenezwa. Ni kweli, yametengenezwa kiasi. Mwaka 2022 Bunge lilibadili sheria ili mtu asipelekwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, na likaweka masharti katika kumkamata tena aliyefutiwa. Alhamdulillahi. Lakini makosa mazito, yale hasa ambayo hayana dhamana na watu hukaa miaka, yaliachwa nje ya kanuni hiyo ya upelelezi. Na dhamana yenyewe: Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu kinachoinyima dhamana ni kinyume cha Katiba, na Agosti mwaka ule ule Mahakama ya Rufani ikakirudisha. Kwa hiyo mama yetu wa Mapipa angekaa kwenye benchi lile lile.

Sasa hoja ya pili, ambayo naiona ina uzito zaidi. Watu husema: mlango huu wakiufungua, wataingia matajiri. Mwizi wa mabilioni ataweka mawakili kumi, atachelewesha kesi yeye mwenyewe, kisha aende kwa jaji akalie kuwa kesi imechelewa. Ni kweli kuna watu hao, na nchi jirani wameonekana. Lakini mlango wa tajiri uko wazi tayari! Septemba 2019 washitakiwa wa uhujumu uchumi walipewa siku saba waandike kuomba radhi na kurejesha fedha, nao watoke. Aliyekuwa na fedha na akakubali kosa alitoka. Aliyekuwa nazo na akasema sikuiba, akabaki. Na asiyekuwa nazo akabaki, awe ameiba au hakuiba. Fikiri basi: lau Nabii Yusuf angekuwa katika gereza lile, njia fupi kwake ingekuwa ni kukiri zinaa. Ombi ninalolisema mimi linafanywa mchana, mbele ya jaji, pande zote zikisikilizwa, na anayechelewesha kwa hila zake hapewi kitu. Kufuta kesi bila kulazimika kutoa sababu ndiko kunakofaa matajiri, maana neno la sikioni halina karani wa kuliandika.

Na hapa, ndugu msomaji, nisigeuke nikawasema wa serikalini tu. Sisi tuna kesi zetu tunazozisimamisha daima dumu bila jaji. Mtoto wa kike anaharibiwa na mtu wa nyumba hiyo hiyo ya vyumba sita, au na mwalimu wake, au na mjomba. Wazee wanakutana barazani. Kahawa inaletwa. Inasemwa kuwa ni aibu ya ukoo, kwamba mtu huyu ana watoto, kwamba tumalizane kifamilia. Baba anapewa fedha, mama ananyamazishwa, shahidi anapelekwa Tanga kwa shangazi yake, na huko mahakamani kesi inafutwa kwa kukosa mashahidi. Kisha tunasoma Fatiha! Haki ya mtoto si mali ya baba yake hata aiuze. Mtu akinitumia makala haya kutetea mambo hayo, mimi simo. Nataka kesi isimame pale mshitaki aliposhindwa kuleta ushahidi, au alipofanya dhulma. Pale ambapo shahidi amefichwa na jamaa zake, aliyedhulumiwa ni mtoto, na kesi hiyo iendelee.

Tena lipo jambo jingine linalotuhusu sisi, nalo ni kumhukumu mtu ambaye mahakama haikumhukumu. Jirani yetu fundi yuko nyumbani sasa. Anashona. Lakini ule mfuko wa nguo aliokuwa akipelekewa na mama yake bado umetundikwa nyuma ya mlango, na nguo zimo. Nilimuuliza mbona hauondoi. Akaniambia: mzee wangu, hawajasema kuwa hawatakuja tena. Gari likisimama usiku pale nje, hasubiri kuona ni la nani. Na mchana akipita, watoto wa madrasa, watoto wadogo ambao hawakuwapo alipokamatwa, wananong'ona jina alilobandikwa na mtaa. Walilijulia wapi kama si mezani kwetu? Sura ya Hujurat inakataza dhana, inakataza upelelezi wa aibu za watu, inakataza kusengenya, yote katika aya moja, nasi tunaisoma Ijumaa na kuivunja Ijumaa hiyo hiyo kabla ya alasiri.

Basi wanasheria Waislamu, na Alhamdulillahi mmekuwa wengi, msingoje kesi ya sheikh mkubwa. Chukueni kesi ya fundi, ya mchukuzi wa Kariakoo, ya mtu ambaye amefutiwa mara mbili, mwende nayo Mahakama Kuu mkaombe kwa jina la ibara ya 13 ya Katiba, inayomhesabu mtu kuwa hana kosa mpaka ithibitike, na ibara ya 107A, inayoitaka mahakama isicheleweshe haki bila ya sababu ya msingi. Mkishindwa, nendeni Mahakama ya Rufani.  Na mbunge wetu akija tena kutuomba kura, asiulizwe habari ya mifereji ya Jangwani peke yake. Aulizwe atasema nini Bungeni juu ya mtu anayefutiwa shtaka na kukamatwa getini.

Ama wewe, mjomba, ambaye gazeti hili huliona kila linapotoka: nyumba ya fundi unaijua, ni ya tatu kutoka kwenye bomba la maji. Hajaposa pengine. Binti, nasikia, naye bado yuko kwenu.